Kabla ya Kuongeza Chumba: Mpaka, Karatasi na Maji

Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanachama, Pepa



Mulinipa swali moja: mutu akitaka kurefusha nyumba yake, ao kujenga ingine mu bustani, anapaswa kufanya nini kwanza? Hii swali haiwezi kungoja. Tuko kiangazi, tanuru za matofali zinawaka, na mvua inaanza Oktoba. Wengi wenu mulirudi kutoka kambi za Kala na Mwange kule Zambia, tangu mwaka 2007, mukapanda meli Mpulungu mpaka Moba. Watoto muliorudi nao leo wameoa, wamezaa. Nyumba ya vyumba viwili haitoshi tena, na bustani njo nafasi peke iliyobaki.

Tuanze na udongo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo ni mali ya Serikali, na Serikali haiwezi kuuuza. Sisi tunapewa haki ya kuutumia. Nyumba ni yako, matofali ni yako, lakini haki yako juu ya parsele inathibitishwa kabisa na sertifika ya kuandikishwa. Kabla ya kuifikia, mutu anaanza na mkataba wa kupanga na Serikali, usiozidi miaka 3, na ndani ya muda huo anaonyesha kwamba ameitumia ile parsele.

Mutaniambia: "Sisi huku tulipewa na shefu." Ni kweli. Sheria hiyo inatambua kwamba kuna udongo unaokaliwa na wenyeji kwa desturi, na iliahidi ordonansi ya Rais ya kupanga haki zao. Miaka makumi ilipita bila ile ordonansi kutoka. Kwa hiyo karatasi ya shefu si bure, lakini haina nguvu ya sertifika. Mutu mwenye karatasi ya shefu peke yake akijenga nyumba ya matofali ya kuchoma na malata, anaweka mali nyingi juu ya ushahidi mdogo.

Kisha ruhusa ya kujenga. Kuna dekre ya tarehe 20 Juni 1957 juu ya mipango ya miji, na arete ya waziri ya tarehe 26 Juni 2013 juu ya ruhusa ya kujenga. Ruhusa inaombwa mbele ya kuanza, na haihusu nyumba mpya tu: kubadilisha nyumba iliyokuwapo pia inahesabiwa. Mwenye kujenga Moba mjini ao Kalemie asichimbe msingi bila kupita kwanza ofisi ya irbanisme. Aulize bei, alipe, aombe risiti yenye muhuri. Malipo bila risiti hayatakusaidia siku ya shida.

Huku kijijini, ambako ile ofisi iko mbali, kuna mambo mane ambayo hakuna anayeshindwa kuyafanya.

Kwanza, mpaka. Waite jirani wa kila upande, pimeni pamoja kwa kamba, pandeni miti ao wekeni mawe. Andikeni, wote watie sahihi, mbele ya shefu. Kama jirani hajarudi bado, ita ndugu yake. Mutu kuwa ukimbizini haimaanishi parsele yake imekuwa bustani yako. Ninyi munajua vizuri namna inauma kurudi na kukuta ukuta wa mwingine.

Pili, choo na kisima. Bustani ikijaa vyumba, choo kinasukumwa pembeni, mara nyingi karibu na kisima, na hata kisima cha jirani. Acha metre 30 kati yao, na choo kikae upande wa chini wa mteremko. Kwenye provinsi yetu ya Tanganyika kolera haitoki, hilo hatuhitaji kufundishwa.

Tatu, maji ya malata na moto. Malata yako yasimwage maji kwa ukuta wa jirani, chimba mufereji. Jikoni na nyumba ya nyasi ziachane, maana upepo wa kiangazi hapa Marungu haubembelezi. Na shimo ulimotoa udongo wa matofali, lifunike mbele ya mvua: mtoto anazama mule.

Ine, jina. Chumba cha kijana kikijengwa mu parsele ya mama mjane, andikeni parsele ni ya nani na chumba ni cha nani. Mzee akifariki bila maandishi, ndugu wanagombana, na mjane njo wa kwanza kufukuzwa.

Sasa, ombi langu kwa komite na kwa wafadhili. Malata yasigawiwe kwa mutu ambaye mpaka wake haujapimwa na kusainiwa. Najua wengine wananung'unika, wanasema mvua haingoji karatasi. Lakini kupima parsele moja ni kazi ya asubuhi moja, na kesi ya mpaka inaweza kukaa miaka. Wafadhili, pamoja na malata, mutusaidie kamba ya kupimia, daftari, na nauli ya wajumbe wa kufikisha madosie Moba.

Tulirudi ili tukae. Kila mutu ajenge mahali ambapo mtoto wake hatahamishwa tena.