Viti vya Zamani Katika Nyumba Mpya

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Soma polepole. Ukifika penye hesabu, simama uiandike katika daftari lako.)

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Leo nasema hasa na ninyi wanafunzi wa Kashaulili, katika mji wa Mpanda, mkoani Katavi. Lakini wewe uliye mbali usizime redio yako, kwa maana jambo hili liko kila mahali.

Siku hizi watu wengi wanajenga nyumba za matofali ya kuchoma, zenye bati la rangi, madirisha ya vioo na sakafu ya vigae. Hayo ni maendeleo, nasi tunayafurahia. Lakini kila nyumba mpya huleta swali. Vyombo vya zamani vifanyweje? Kiti cha babu cha mninga, kigoda cha miguu mitatu, sanduku la bibi: je, viingie ndani, au viachwe uani vinyeshewe na mvua?

Wengi hujibu upesi: "Hivyo ni vya kimaskini. Tuviuze, tununue makochi." Mimi nasema, ngoja kwanza. Wahenga walinena: Usitupe mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Msala wa mwenzio utapita uende zake, nawe ukiwa umetupa mbacha wako utakaa chini mavumbini.

Tazama mti wenyewe

Mkoa wa Katavi una misitu ya miombo, na humo humea mninga. Ukiukata mti huu hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao ya moyo wake ina rangi ya kahawia. Ikikauka haijikunji sana, na mchwa hawaipendi. Kwa sababu hiyo kiti cha mninga kilichoungwa vizuri humtumikia babu, kisha mtoto, kisha mjukuu.

Sasa tazama kabati za bei nafuu madukani. Nyingi si za mbao nzima. Ni unga wa mbao uliochanganywa na gundi ukagandamizwa, kisha ukafunikwa kwa karatasi yenye picha ya mbao. Zinapendeza, lakini maji yakiingia pembeni zinavimba, na msumari haushiki tena. Sisemi usinunue kitu kipya. Nasema ujue unatoa nini na unapokea nini.

Tena kumbuka kwamba mninga hukua polepole. Mti wa kutoa mbao pana umekaa msituni miaka mingi sana, na sheria hairuhusu kuukata pasipo kibali. Kiti ulicho nacho hakidai mti mwingine ukatwe.

Piga hesabu

Bei ninazotaja ni za mfano tu. Ninyi mtatia bei za sokoni kwenu.

Tuseme mnunuzi anakupa shilingi 20,000 kwa kiti cha babu. Makochi dukani ni shilingi 700,000. Huna fedha hizo, basi unatoa 200,000 leo, na kila mwezi 60,000 kwa miezi 10. Andika: 60,000 mara 10 ni 600,000. Ongeza 200,000. Jumla ni 800,000. Makochi ya 700,000 yamekugharimu 800,000.

Sasa upande wa pili. Fundi seremala anataka 30,000 kukaza maungio na kubadili mguu mmoja. Mshonaji anataka 25,000 kwa mto wa kukalia. Jumla ni 55,000. Hesabu hii haikukatazi makochi. Inakuonyesha tu njia mbili, uchague kwa macho yaliyo wazi.

Kiti ni cha nani?

Hapa ndipo ugomvi wa nyumba nyingi unapoanzia. Mzee amefariki, na mtoto mmoja anauza sanduku au kigoda bila kuwaambia wenziwe. Fedha zinakwisha kwa siku mbili, chuki inabaki kwa miaka. Kitu cha marehemu ni cha warithi. Kaeni pamoja, mama mjane awepo na asikilizwe, mkubaliane. Na kama kigoda kilikuwa cha mtemi au cha matambiko, waulizeni wazee kabla hamjakiweka sebuleni kama pambo.

Mkikubaliana kuuza, mnunuzi akileta karatasi, isomeni. Wanafunzi, hii ndiyo faida ya kazi mnayoifanya kila jioni darasani. Zamani wengine walitia dole gumba kwenye karatasi wasiyoijua. Wewe leo unaweza kusoma: kitu gani, bei gani, tarehe gani, jina la nani. Neno usilolielewa, uliza. Akikuharakisha, mrudishie karatasi yake.

Kagua, kisha tengeneza

Mkiamua kukitunza, kitoeni nje penye mwanga mkifanye mambo manne.

Kwanza, kitikise. Maungio yakilegea, usipigilie misumari ovyo, maana msumari hupasua mbao ya zamani. Fundi mzuri huufungua ulimi wa mbao ulioingia tunduni, akaukwangua gundi ya zamani, akatia mpya, akaufunga kwa kamba mpaka ukauke.

Pili, tafuta vitundu vidogo. Ukiona unga mpya unaanguka chini yake, fukusi wamo. Usikiingize ndani kabla hakijatiwa dawa, wasije wakahamia mbao nyingine.

Tatu, angalia rangi. Hapa nisikilizeni sana. Watu wa Mpanda mnaijua risasi. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini hayo. Lakini risasi haimo ardhini tu. Viwanda vingi duniani vilikuwa vikiitia ndani ya rangi. Kiti au kitanda cha chuma kilichopakwa rangi zamani huenda kinayo. Vumbi lake likiingia kinywani mwa mtoto hudhuru ubongo wake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Basi usiikwangue rangi ya zamani kwa msasa mkavu, wala usiichome moto. Kama bado imeshika, ioshe na kupaka mpya juu yake. Kama inabanduka, ilowanishe kwa maji, fanya kazi nje, watoto wawe mbali, ukusanye maganda yote, kisha unawe mikono na kufua nguo.

Nne, king'arishe. Mbao isiyopakwa rangi ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, iache ikauke kivulini. Kisha chukua nta ya nyuki. Katavi ni nchi ya asali, na nta haikosekani. Isugue juu ya mbao, halafu ifute kwa nguvu kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae. Ukitaka kuilainisha, weka kopo la nta ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiliweke juu ya moto wenyewe, kwa maana nta hushika moto.

Mahali pake nyumbani

Nyumba si ghala. Ukijaza vitu vyote vya zamani chumbani, hakuna kitakachoonekana. Chagua kimoja au viwili, uvipe nafasi.

Tujifunze kwa watu wa pwani. Katika nyumba za kale za Lamu, ukutani mlichongwa vijumba vidogo vinavyoitwa zidaka, na vyombo vizuri vya kaure vikawekwa humo, kila kimoja mahali pake. Kiti cha enzi, chenye mgongo mrefu na kikalio cha kusukwa, kiliwekwa kwa heshima ya mgeni. Watu hawa walijua kwamba kitu kizuri kinahitaji nafasi kando yake.

Wewe nawe fanya hivyo. Kiti cha mninga kiweke karibu na dirisha, lakini jua kali lisikipige siku nzima. Sanduku la bibi laweza kuwa meza ya katikati, na ndani yake mkahifadhi mablanketi. Chini ya miguu bandika vipande vya mpira wa ndala, vigae visikwaruzwe na miguu isinywe maji ya kupigia deki.

Pima kwanza. Tuseme chumba kina upana wa sentimeta 300. Viti viwili vinavyotazamana vina sentimeta 70 kila kimoja, jumla 140. Toa, zinabaki 160. Sanduku katikati lina 60. Toa tena, zinabaki 100. Gawa kwa mbili: kila upande sentimeta 50. Je, mama aliyebeba sinia atapita? Atapita kwa shida. Basi sogeza sanduku ukutani. Na usisahau kupima mlango kabla ya kubeba kabati!

Wanafunzi wapenzi, nyumba mpya haihitaji kumsahau aliyetulea. Mgeni akikaa juu ya kiti kile, mtoto atauliza, "Nani alikitengeneza?" Mwambieni. Kisha mtoto na aliandike jina hilo.

Maswali ya kikundi

1. Kwa nini mbao ya mninga hudumu?
2. Katika mfano wetu, mnunuzi wa makochi amelipa ziada ya shilingi ngapi?
3. Kwa nini tusikwangue rangi ya zamani kwa msasa mkavu?
4. Andika sentensi tatu juu ya kitu kimoja cha zamani kilichomo nyumbani mwako: kimetengenezwa kwa nini, kilikuwa cha nani, nacho kitakaa wapi.

Maneno ya kusoma na kuandika: mninga, kigoda, maungio, fukusi, msasa, nta, warithi, zidaka.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.