Ushujaa wa Kuazima

(Maneno ya hotuba iliyosemwa na karani mmoja mbele ya machifu, walimu na wazee)



Nimetakiwa niseme nanyi juu ya watu wanaojisifu kwa vita wasivyopigana na kwa vyeo wasivyopewa. Ni jambo ambalo watu hulicheka. Mimi nami nililicheka, hata siku liliponifedhehesha mbele ya kaburi.

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza nimetoka shule ya misheni. Akafa mzee mmoja jirani yetu, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa, nikaambiwa niandike habari za maisha yake zipate kusomwa mazikoni. Mzee huyo sote tulimjua kwa hadithi zake za vita vya Burma. Nilipokuwa mtoto mdogo alikuwa askari tu. Nilipoingia darasa la nne alikwisha kuwa koplo. Na nilipomaliza masomo alikuwa sajini, tena amewachoma Wajapani kwa singe wasiohesabika. Nikayaandika yote kama nilivyoyasikia, na chumvi kidogo nikaitia mwenyewe.

Nilipokuwa katikati ya kusoma, mjane wake akainua mkono. Akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, ngoja kwanza. Mume wangu hakuua mtu. Alikuwa mpishi wa askari. Aliwapikia katika mvua, kuni zimelowa, na wenye njaa wamesimama wakimngoja. Alirudi kifua chake kibovu kwa moshi, nami nimekiuguza miaka yote hii. Mbona hilo hamlisemi?"

Watu wakanyamaza. Nami nikabaki nimesimama na karatasi yangu mkononi, sina la kusoma.

Tangu siku ile nimeliwaza sana neno lile, nikaona makosa yalikuwa mawili. Kosa la kwanza ni langu: niliandika pasipo kuuliza. Mjane alikuwa hatua ishirini kutoka nyumbani kwetu, nami sikwenda kwake. Kosa la pili ni letu sote. Mzee yule alipoanza kusimulia juu ya masufuria, tulipiga miayo. Alipotaja singe, tulisogeza viti karibu. Basi tukamfundisha uongo sisi wenyewe, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka.

Ndugu zangu, vita haviendeshwi na mwenye bunduki peke yake. Katika vita vya 1914 hata 1918, vilivyopiganwa katika nchi zetu hizi kati ya Waingereza na Wajerumani, upande wa Waingereza peke yake uliandika wapagazi kadiri ya milioni moja. Magari hayakuweza kupita katika matope, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kwa hiyo chakula na risasi vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Inakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000 katika wapagazi hao walikufa, na walio wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara, kwa homa, na kwa njaa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililogeuka katika vinywa vya watu likawa Kariakoo katika Dar es Salaam, na Kariokor katika Nairobi. Leo watu hununua nyanya na nguo mahali hapo, wala wengi hawajui kuwa wanakanyaga jina la wafu.

Je, mmepata kumsikia mtu akijigamba kuwa babu yake alikuwa mpagazi? Mimi ni mara chache sana. Kila babu alikuwa askari, na kila askari alikuwa mstari wa mbele. Hivyo wale waliobeba wamekufa mara mbili: mara ya kwanza njiani, na mara ya pili katika hadithi zetu.

Uongo huu huwadhulumu na mashujaa wenyewe. Tarehe 12 Februari 1944, meli iliyoitwa Khedive Ismail ilipigwa na manowari ya Kijapani katika bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Ndani yake walikuwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Watu karibu 1,300 walikufa siku ile. Hao hawakurudi kusimulia neno lo lote mbele ya moto wa jioni. Mwongo akikaa katika kiti cha shujaa, amekaa katika kiti cha mtu asiyeweza kuja kumwondoa.

Mtauliza, "Basi tutamtambuaje wa kweli?" Iko habari inayosimuliwa sana, nayo yafaa kukumbukwa. Jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini huko Abercorn, mahali paitwapo Mbala sasa, tarehe 25 Novemba 1918. Askari wake Waafrika walikuwa wanadai mishahara ya muda mrefu, wakapewa vyeti kuwa watalipwa. Mwaka 1964, serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa waliokuwa hai. Yasemwa kuwa katika mji wa Mwanza walikusanyika wazee kadiri ya 350, lakini wenye vyeti walikuwa wachache mno. Wengine walileta vipande vya nguo zao za jeshi. Mwenye kulipa hakujua amwamini nani. Ndipo akampa kila mzee ufagio mkononi badala ya bunduki, akamwamrisha kwata kwa lugha ya Kijerumani. Wasemao habari hii husema kuwa hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Karibu miaka hamsini ilikuwa imepita, lakini mabega na mikono yalikuwa yakikumbuka bado.

Tazameni hekima ya jambo hilo. Mzee hakutukanwa, wala hakuitwa mwongo, wala hakufukuzwa kwa kuwa karatasi yake imeliwa na mchwa. Aliulizwa swali ambalo askari wa kweli hulijibu bila taabu. Na sisi twaweza kuuliza vivyo hivyo kwa adabu: Kikosi chako kilikuwa kipi? Mkubwa wako aliitwa nani? Mlikula nini? Mliposafiri mlipanda meli wapi? Aliyekwenda kweli hukumbuka viatu vilivyombana na rafiki aliyemzika. Asiyekwenda hukumbuka ushindi tu.

Mwalimu aweza kutumia na vitabu vya historia. Kwa mfano, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya King's African Rifles, ambavyo wazee wetu waliviita Keya, ilishuka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule ikavuka mto Chindwin penye mji wa Kalewa. Kisha ikarudishwa India kupumzika. Basi mtu akisema kuwa babu yake aliingia Rangoon pamoja na divisheni hiyo mwezi wa Mei 1945, twajua kuwa pana kosa, maana divisheni haikuwako huko. Lakini tusifanye haraka kumwita mtu mwongo. Mzee husahau, na mjukuu huchanganya majina. Kosa la kumbukumbu si sawa na hila.

Tofauti hiyo imewasumbua hata mataifa makubwa. Katika Marekani, sheria iliyotiwa sahihi mwaka 2006 ilifanya kuwa kosa la jinai mtu kudai kwa uongo kuwa ana nishani ya jeshi. Mwaka 2007, mjumbe mmoja wa bodi ya maji katika California alisimama mkutanoni akasema kuwa amepewa nishani ya ushujaa iliyo kubwa kuliko zote, naye hakupata kuwa askari hata siku moja. Akashtakiwa. Kesi ikapanda hata mahakama iliyo juu ya zote, nayo mwaka 2012 ikaamua kuwa sheria ile haikupatana na uhuru wa kusema uliomo katika katiba yao. Mwaka 2013 ikatungwa sheria nyingine, inayomshika yule anayedai ushujaa wa uongo ili ajipatie fedha, mali au faida nyingine. Yaani, majivuno matupu yameachiwa aibu. Wizi umeachiwa sheria.

Nadhani kipimo hicho chatufaa. Mzee anayejiongezea cheo penye pombe ya jioni, tumsikilize kwa upole, wala tusiyaandike maneno yake kuwa historia. Lakini yuko na mwongo wa pili, naye ni hatari. Huyu ni kijana avaaye kofia ya jeshi, asemaye kuwa yeye ni komando, naye hutaka fedha kwa mzazi maskini ili amwingizie mwanawe jeshini. Au huposa binti wa watu kwa cheo asicho nacho. Mzazi huuza ng'ombe, kijana huondoka usiku, na ng'ombe harudi. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini debe hili huvuma likiwa linajazwa mali zenu.

Kwa hiyo nawashauri mambo matatu. Kwanza, Machifu, mtu akija na jina la jeshi akitaka fedha, muulizeni hati yake, na mpeleke habari kwa polisi kabla shilingi haijatoka mfukoni. Pili, Walimu, watumeni watoto kwa wazee waliosalia na kwa wajane, waandike habari zao pamoja na majina ya mahali na miaka, na wawaulize wapishi, wapagazi na wachimba barabara kama wanavyowauliza wenye nishani. Tatu, sisi sote tujifunze kuheshimu kazi kwa kipimo chake cha kweli. Mpishi akipata heshima yake ya mpishi, hana haja ya kuazima ya sajini. Nguo ya kuazima haisitiri.

Nimalize kwa yule mjane. Baada ya mazishi nilikwenda kumwomba radhi. Akanipa kiti, akanisimulia hata jua likatua. Nikaandika upya, ukurasa mmoja tu, juu ya mvua, kuni mbichi, na mtu aliyeamka kabla ya wenzake wote ili wale. Nikausoma siku ya kuondoa matanga. Hapakuwa na singe hata moja ndani yake. Wazee wawili waliokuwa vitani walisimama, wakavua kofia zao.