Picha ya Kunguru na Wajibu wa Anayemtaja



Wapo wanaodhani kuwa kutambua ndege kwa picha ni mchezo wa watu wenye nafasi. Mimi nasema sivyo, na shahidi wangu ni kunguru.

Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Leo ameenea pwani ya Tanzania na Kenya, naye anazidi kuingia bara, akifuata miji na majalala yake. Hula mayai na makinda ya ndege wetu, pamoja na vifaranga vya maskini. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza azma ya kuangamiza kunguru milioni moja wa aina hiyo. Silaha kubwa katika vita hivyo ni sumu. Basi hatuna budi kujua: huyu aliyepigwa picha shuleni kwako ni mgeni huyo, au ni kunguru wetu wa asili (ambaye, kusema kweli, naye hudokoa vifaranga)?

Kunguru wetu huonekana kama aliyevaa fulana nyeupe, na mpaka kati ya weupe na weusi wake ni dhahiri. Mgeni hana weupe. Shingo na kifua chake ni vya kijivu kinachofifia taratibu hata kuingia katika weusi. Hapo ndipo kamera hutuhadaa. Jua kali huifanya rangi ya kijivu ionekane nyeupe, na kivuli huutia weupe ukijivu. Mgeni ni mdogo zaidi, lakini ukubwa haupimiki pichani pasipo kitu cha kulinganisha. Naye kunguru wa milimani, mwenye baka jeupe kisogoni, akipigwa picha kwa mbele huweza kuonekana mweusi tupu. Hutambulishwa na mdomo wake mnene wenye ncha nyeupe.

Katika mfumo wa iNaturalist, ulioanzishwa Marekani mwaka 2008, rekodi hupewa daraja la utafiti endapo zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa rai wamekubaliana juu ya aina. Watu wawili huweza kutosha. Sasa mwanafunzi akimwunga mkono mwalimu wake kwa heshima tu, bila kuichunguza picha, rai yake ni adabu, wala si ushahidi. Walimu, msiwaombe wanafunzi wenu kura za namna hiyo.

Pigeni picha ya mbele, ya ubavuni na ya kisogoni. Andikeni mahali na tarehe. Picha isipotosha, andikeni "kunguru" tu, muishie hapo.