Upele Si Aibu: Maneno ya Walimu kwa Wazazi



Sisi walimu huona ngozi za watoto kabla ya madaftari yao. Hapa Kampala, chumba kimoja cha Katwe au Nsambya hulaza watu sita, na upele haupigi hodi. Mtoto anayejikuna usiku, mwenye vipele kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, huenda ana kadudu kanakochimba ngozini. Wengi wenu mnamtibu yeye peke yake, kisha mnasema dawa ni bandia! Nyumba nzima ipakwe dawa siku ile ile, shingoni hadi nyayoni, hata asiyejikuna. Nguo na mashuka zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani. Mwasho waweza kuendelea wiki mbili au zaidi baada ya tiba. Msipake dawa kila siku, inaunguza ngozi.

Mapunye ya kichwani hayasikii mafuta ya kupaka. Yataka vidonge vya zahanati kwa wiki kadhaa. Na zile krimu za kung'arisha, jamani! Nyingine zina steroidi, huficha choa huku kikienea.

Mkiona usaha, homa au uvimbe, nendeni zahanati upesi. Baka lisilohisi kuguswa huenda ni ukoma, na dawa yake hutolewa bure. Malengelenge pamoja na homa na tezi kuvimba yasifichwe: mpox ilithibitishwa Uganda mwaka 2024. Asiyejua Kiluganda wala Kiingereza aje kwetu, tutamsindikiza.