Ufunguo wa Maktaba

Hotuba ya mwalimu mwangalizi wa maktaba ya shule yetu ya sekondari, iliyosomwa katika mkutano wa ukumbusho wa Jamii





Nimeombwa niseme machache juu ya maktaba ya shule yetu. Sitaanza kwa Sura ya Al-Alaq, kwani kila asemaye juu ya elimu huanzia hapo, na wengi wenu mwaijua kuliko mimi. Nitaanza kwa sanduku.

Wazee waliomo humu huenda wakakumbuka masanduku ya vitabu yaliyokuwa yakipelekwa huku na huku katika Uganda, Kenya na Tanganyika na East African Literature Bureau, shirika lililoundwa katika miaka ya 1940. Mahali pasipokuwa na maktaba pakiletewa sanduku, watu wakaazima na kusoma, kisha likabadilishwa kwa jingine. Mwaka 1964 Serikali ya Uganda huru ikaunda Bodi ya Maktaba za Umma, nayo ikairithi kazi hiyo. Mtu aliyekaa mbali na mji aliweza hata kuletewa kitabu kwa posta. Nawaeleza haya ili mjue kwamba kitu nitakachowaonyesha leo si kigeni sana kama kinavyodhaniwa.

Sanduku la leo laenea katika kiganja cha mkono. Ndani yake mna kompyuta ndogo na kadi ya kuhifadhia maandishi. Ukikitia umeme kisanduku hiki hutoa mawimbi ya redio, na kila kompyuta iliyomo chumbani huyapokea na kuvifungua vitabu vilivyomo. Hakikuunganishwa na intaneti hata kidogo. Kamusi kuu ya elimu iitwayo Wikipedia, ile ya Kiingereza pamoja na picha zake, huchukua nafasi ya gigabaiti 100 hivi, nayo hupatikana bure kwa njia ya programu ya Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007. Masomo ya hesabu na sayansi pamoja na mazoezi yake yamo katika programu ya Kolibri. Zimo pia hadithi za African Storybook, mradi ulioanza Afrika ya Kusini, kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine. Hizo zawafaa wale waliofika sekondari na kusoma bado kwawatatiza, nao si wachache.

Katika kompyuta moja tumeweka Al-Maktaba al-Shamila, yenye vitabu vya Kiarabu kwa maelfu: tafsiri, hadithi, fikihi, tarikhi na kamusi. Hapo nataka kutahadharisha. Maandishi yale yamenakiliwa na watu wengi, na makosa ya nukta na irabu hayakosekani. Kijana akipata humo hadithi ya Mtume, aisome na kuiandika, lakini kabla ya kuitoa mbele ya watu aipeleke kwa sheikh mwenye kitabu kilichochapwa. Mashine humfikisha mtu kwenye ukurasa upesi sana, ila haimfundishi kuuelewa.

Sasa nije kwenye khofu. Naijua wala siidharau. Zamani za ukoloni shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na babu zetu waliogopa watoto wao wasije wakabatizwa. Khofu hiyo ilikuwa na sababu, lakini tumeilipia ghali. Ilipokuja kuundwa Uganda Muslim Education Association, katika miaka ya 1940, ili Waislamu wajipatie shule zao, wenzetu walikuwa wamekwisha tangulia mbali. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale hakikufunguliwa ila mwaka 1988. Na leo nasikia maneno yale yale yakisemwa juu ya kompyuta: kwamba itawaharibu watoto. Ni kweli kwamba katika intaneti mna uchafu mwingi. Lakini kisanduku hiki hakina ila tulichokiweka sisi wenyewe. Mzazi mwenye shaka na aje akifungue mwenyewe, nami nitakaa kando yake. Tena hakimgharimu senti kwa kila ukurasa, wakati data ya intaneti yatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021.

Haja yenyewe si ndogo. Tangu mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini wamtaka mwanafunzi atafute, apime na aeleze, wala si kukariri daftari la mwalimu tu. Katika mtihani wa UCE wa mtaala huo, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2024, asilimia 20 za alama hutokana na kazi anazofanya shuleni mwaka hata mwaka. Mtoto asiye na mahali pa kutafutia atazifanyaje?

Waheshimiwa, kuna jambo ambalo ningependa kulificha, lakini mkutano huu hautafaa kitu tukisifiana tu. Shule zote za Uganda zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, nami nilifunga maktaba, nikauweka ufunguo nyumbani kwangu. Sekondari hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2022. Niliporudi nilikuta mchwa wamekula rafu nzima ya chini. Vilivyosalimika katika rafu ile ni vitabu vilivyokuwa vimeazimwa, ambavyo nilikuwa nimewagombeza watoto kwa kuchelewa kuvirudisha. Binti mmoja alinirudishia kitabu cha baiolojia kimechakaa hadi jalada limetoka. Alikuwa amekisoma yeye, na dada zake wawili, na watoto wa jirani. Sikuwa na la kusema.

Tangu siku hiyo sikitazami kisanduku hiki kwa furaha tupu. Chaweza kufungiwa kabatini kama vile vitabu, na kwa kweli siku nyingi za juma ndivyo kilivyo, kwa kuwa mimi hufundisha vipindi vyangu na hapana mwingine mwenye ufunguo. Binti zetu wakitoka darasani saa kumi huitwa nyumbani mara moja kuteka maji na kupika, na kaka zao hubaki. Basi hata siku ninapofungua, wanaoingia ni wavulana.

Kwa hiyo naiomba Jamii mambo mawili. La kwanza, amlipe mtu mmoja, na awe mwanamke akipatikana, akae maktabani kila siku baada ya masomo mpaka karibu na Maghribi. La pili, kila mzazi mwenye binti katika shule yetu amwachilie alasiri mbili katika juma, nazo ziandikwe kwa jina lake. Betri na kioo cha jua vyaweza kungoja. Umeme ukikatika, vitabu vya karatasi vipo.

Daftari la majina liko mezani hapo mlangoni, pamoja na kisanduku chenyewe na kompyuta mbili. Ufunguo wa pili wa maktaba umekwisha chongwa, na nitamkabidhi Mwenyekiti sasa hivi mbele yenu.