Tuhesabu Vyombo, Si Nyumba Tu

Maneno ya halmashauri ya chama mbele ya mkutano mkuu, Lubumbashi



Leo tuko na jambo moja tu, umeme. Kwenye sanduku la chama kuna pesa ya kununua kitu kimoja kikubwa, haitoshi viwili. Kuna banamemba wanaosema tununue transfo nyingine. Wengine wanasema hapana, tununue paneli za jua kwa ajili ya mashini ya kusaga na friji za bamama wanaouza samaki. Kabla ya kunyoosha mikono, tunaomba mtusikilize kidogo.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Wote mnakumbuka transfo ya kwanza. Tulichangishana, tukainunua, ikafungwa, watoto wakaimba mpaka usiku. Haikumaliza hata msimu mmoja wa mvua, ikaungua. Tulisema mengi: radi, wivu, hata uchawi. Lakini ukweli njo huu: tulihesabu nyumba, hatukuhesabu vyombo. Ilikuwa transfo ya KVA 100. Resho moja ya umeme inakula karibu kilowati moja na nusu. Nyumba 60 zikiwasha resho jioni kwa saa moja ile ile, kila mtu anapika bukari yake, tayari ni kilowati 90, na hapo hatujagusa taa, friji wala televizio. Halafu fundi wa kulehemu naye akaunganisha mashini yake pembeni. Ingepona namna gani?

Sasa, ile iliyotupata sisi kwenye avenue yetu njo iko inapata Katanga nzima.

Tuangalie. Vituo vyetu vya zamani ni vinne. Mwadingusha kwenye mto Lufira kilianza mwaka 1930, Koni kikafuata mwaka 1950. Kwenye Lualaba kuna Nzilo cha mwaka 1952 na Nseke cha mwaka 1956. Vyote vilijengwa kwa ajili ya shaba ya Union Minière, na ukivijumlisha havifiki megawati 500. Wakati ule vilitosha mpaka vikabakiza: mwisho wa miaka ya 1950, kabla bwawa la Kariba halijaanza kutoa umeme, ni Katanga iliyokuwa inapeleka umeme Copperbelt. Kisha mwaka 1982 ikamalizika laini ya Inga mpaka Kolwezi, kama kilomita 1,700, ikipita juu ya vijiji vingi ambavyo mpaka leo vinatumia koroboi.

Leo mambo yamegeuka. Migodi imeongezeka, na mwaka 2024 Kongo ilikuwa ya pili duniani kwa kuchimba shaba. Kituo kipya cha Busanga cha megawati 240 kimeanza kwenye Lualaba, lakini njaa ya umeme bado iko. Makampuni yananunua umeme Zambia, mengine yanachoma mazutu kwenye jenereta usiku na mchana. Na Zambia yenyewe? Sisi tuliokaa miaka kwenye kambi za Kala na Mwange bado tuko na ndugu na marafiki kule. Mwaka 2024, mvua ilipokosa na maji ya Kariba yakashuka, walikaa gizani masaa mengi kila siku. Anayekopa unga kwa jirani, jirani naye akifunga njaa, ataenda wapi?

Vijana wametuuliza swali zuri: uranium ya Shinkolobwe imetoka hapa kwetu, kwa nini tusijenge kituo cha nyuklia? Tuliwajibu hivi. Kongo ilipata reakta ya kwanza ya Afrika, TRICO, mwaka 1959, huko Kinshasa, lakini ilikuwa ya utafiti, haikuwa ya kutoa umeme. Kituo cha nyuklia kinachotoa umeme Afrika ni Koeberg, karibu na Cape Town. Kilianza mwaka 1984, na kina mashini mbili, kila moja zaidi ya megawati 900. Mashini ya kwanza ilipozeeka ilibidi kuisimamisha karibu mwaka mzima ili kubadilisha vyombo vyake vikubwa vya mvuke, na huo mwaka 2023 Afrika Kusini iliteseka sana na kukatwa umeme. Baada ya hapo, mwaka 2024, mashini hiyo ikapewa ruhusa ya kufanya kazi miaka 20 zaidi. Mashini moja kama ile inapita vituo vyetu vinne vyote pamoja. Ikisimama kwa matengenezo, mtandao wetu utaegemea nini?

Kwa hiyo hata nyuklia inarudi pale pale: kuhesabu na kutengeneza. Mwadingusha imetuonyesha. Kituo cha mwaka 1930! Mashini zake zote sita zilifanyiwa matengenezo, kazi ikamalizika mwaka 2021, na sasa kina megawati 78, kuliko 71 za zamani. Hakuna mto mpya uliotafutwa. Pesa ilitoka kwa mgodi wa Kamoa-Kakula kama mkopo kwa SNEL, na mgodi ukapata haki ya kupewa umeme. Mapatano ya namna hiyo njo yaliyofanywa pia kwa turbini namba 5 ya Inga II, megawati 178. Hatusemi ni vibaya. Tunasema hivi: mgodi ulikuja na karatasi inayoonyesha unahitaji megawati ngapi na utalipa namna gani. Sisi wa mitaani hatujawahi kuleta karatasi. Asiyehesabiwa hawekewi sahani.

Na gharama yake tunailipa kila siku. Umeme ukikatika, mbabula inawaka, gunia la makala linapanda bei, na miombo inayozunguka mji inaendelea kwisha. Mama mwenye friji anatupa samaki wake, mtaji unaenda na harufu.

Ombi letu kwa banamemba ni hili. Tusipige kura leo. Daftari litapita kila nyumba kwa wiki mbili. Tutaandika vitu vitatu: chombo gani, saa gani, na nani atachanga kila mwezi kwa ajili ya matengenezo. Bamama wa samaki na mwenye mashini ya kusaga waandikwe wa kwanza, maana wao wanalisha wengine. Hesabu ikionyesha transfo, tutanunua inayotosha. Ikionyesha jua, tutanunua jua, na betri zake zitawekewa akiba tangu siku ya kwanza, kwa sababu betri nayo inazeeka.

Na ninyi marafiki mnaotoa, aksanti mingi. Tunajua ni vizuri kupiga picha mbele ya kitu kipya. Lakini tunaomba sehemu ya msaada wenu iende kwenye kitu ambacho hakina picha: fyuzi, mafuta ya transfo, mshahara wa fundi anayepita kila mwezi. Transfo yetu ya kwanza ilikuwa mpya kabisa siku ilipoungua.

Nakala moja ya daftari tutaipeleka kwa wakubwa wanaopanga umeme wa jimbo. Siku wakikaa kuhesabu, wasiseme hawakujua kama tuko.