Kumsaidia Mwalimu Aifundishe China na Japani

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu. Nimechagua jambo moja tu, nalo ni namna ya kuwasaidia walimu wa skuli zetu wapate kufundisha historia na utamaduni wa China na Japani. Huenda wengine wakauliza: Pemba na huko wapi na wapi? Naomba subira yenu, nitajibu.

Muulizeni mwanafunzi wa leo China ni nini. Atakwambieni ni simu, ni nguo za dukani, ni madaktari. Hakusema uongo. Madaktari kutoka jimbo la Jiangsu wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu 1964, na Hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China ikafunguliwa 2016. Ukimuuliza Japani, atakwambia ni gari. Lakini mtu hamjui jirani yake kwa kujua anachouza. Watu hawa wametoka wapi, wamepita shida gani, wanaamini nini, wamegombana na nani? Hapo kijana wetu hana jibu.

Simlaumu kijana, wala simlaumu mwalimu wake. Kwa miaka mingi muhtasari wa historia wa sekondari umekuwa na mada juu ya mahusiano ya kale ya Afrika Mashariki na nchi za Mashariki ya Kati na Mashariki ya Mbali. Mwalimu akiifikia huandika ubaoni: walileta vyombo na hariri, walichukua pembe za ndovu. Wanafunzi wananakili, kengele inalia. Mwalimu hutoa alichonacho, na katika chuo cha ualimu hakupewa zaidi ya hapo. Akiulizwa swali la pili, hana pa kushika. Basi tukitaka kumsaidia mwanafunzi, tuanze na mwalimu.

Na msaada huo uanzie hapa hapa kisiwani. Nenda Ras Mkumbuu, kule magharibi ya Chake Chake, ukayaone magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Wachimbaji wa mambo ya kale waliochimba katika magofu ya Pemba wamekuta vigae vya China pamoja na vya Uajemi. Katika makaburi mengi ya mwambao wetu mafundi walipachika mabakuli ya China ukutani, kwa pambo na kwa heshima ya marehemu. Na kule Unguja, pale Kajengwa karibu na Makunduchi, mwaka 1945 zilipatikana sarafu nyingi za Kichina, kubwa lake zikiwa za enzi ya Song.

Mwalimu aliyesaidiwa atajua kusoma kigae. Hiki cha rangi ya kijani chaweza kuwa cha tanuri za Longquan. Hiki cheupe chenye maua ya buluu chaweza kuwa cha mji wa Jingdezhen. Kisha atauliza: kilifikaje? Atawaeleza wanafunzi habari za Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, na miaka kama kumi na tano baadaye akawa yuko China. Atawaeleza habari za Zheng He, amiri wa bahari aliyezaliwa katika nyumba ya Waislamu wa Yunnan, ambaye misafara yake ya baina ya 1405 na 1433 ilifika mpaka Mogadishu, Barawa na Malindi. Atawaeleza pia twiga wa Malindi aliyepelekwa kwa mfalme wa China mwaka 1415. Lakini hatasema kwamba Zheng He alitia nanga Pemba, maana hakuna hati isemayo hivyo. Vyombo vingi vilitufikia kwa mikono ya wafanyabiashara wengi, bandari kwa bandari. Kujua kupambanua kilichothibitika na kilichokisiwa ndiyo elimu ya historia yenyewe.

Tuna mlango mwengine, nao ni karafuu. Wachina wanaiita dingxiang, yaani msumari wenye harufu nzuri. Katika zama za Han, kabla mkarafuu haujapandwa kwetu kwa zaidi ya miaka 1,500, maofisa waliweka karafuu mdomoni walipokwenda kusema mbele ya mfalme wao. Karafuu hizo zilitoka visiwa vya Maluku. Mtoto aliyechambua makonyo na kuanika karafuu juani hahitaji kubembelezwa asikilize somo kama hilo.

Upande wa Japani nao una mlango wake. Kila mtoto wetu amepita chuoni akajua herufi za Kiarabu, na wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi hizo, wakaongeza alama kwa sauti ambazo Waarabu hawana, kama p na ch. Wajapani walifanya jambo la namna hiyo. Walichukua maandishi ya China, na kufikia karne ya 9 walikuwa wameyatolea herufi zao wenyewe zinazofuata matamshi yao. Mwalimu akilieleza hili kwa dakika kumi, mwanafunzi wa Pemba ataelewa kuazima bila ya kupotea ni kitu gani.

Halafu aende mbele. Japani ilijifungia kwa zaidi ya miaka 200 mpaka manowari za Marekani zilipofika 1853. Mwaka 1868 yakaanza mageuzi ya Meiji, na mwaka 1905 ikaishinda Urusi vitani. Katika miaka ya 1930 nguo za Japani zilijaa katika masoko ya Afrika Mashariki, na kanga zilizopigwa chapa Japani zimevaliwa na bibi zetu. Nchi ya visiwa ilifikaje hapo? Sisi watu wa visiwa lazima tuulize.

Hapa sasa ndipo mwalimu anapohitaji msaada zaidi, kwa sababu si kila jambo ni tamu. Japani hiyo hiyo ilichukua Taiwan 1895 na Korea 1910, ikaivamia China kwa vita kamili 1937, na mauaji yaliyofanyika Nanjing yanaumiza mpaka leo. Mwaka 1945 Hiroshima na Nagasaki zikaunguzwa kwa bomu la atomiki. China nayo ilipita njaa kubwa ya 1959 hadi 1961, iliyoua mamilioni ya watu wake. Mwalimu atafundishaje mambo haya bila ya kuwa msemaji wa upande mmoja? Nchi zote mbili ni rafiki zetu, na kila moja hutuletea vitabu. Zawadi tunaipokea kwa shukrani, lakini kitabu cha zawadi nacho husomwa kwa macho mawili. Ndiyo maana nasema nchi hizi zifundishwe pamoja: mwalimu aliyesoma habari za mmoja tu atarudia aliyoambiwa, na aliyesoma za wote wawili atapima.

Wenzetu wamefanyaje? Nchini Marekani, tangu 1998, kuna chombo kiitwacho National Consortium for Teaching about Asia ambacho huwaendeshea walimu wa skuli semina juu ya Asia ya Mashariki. Mwalimu husoma na wataalamu, kisha hutayarisha masomo ya darasa lake mwenyewe. Kwetu, tangu 2013 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Confucius, na Kichina kimeanza kusomeshwa katika baadhi ya skuli za Tanzania. Hilo ni jema, lakini lugha ni kitu kimoja na historia ni kitu chengine.

Kwa hiyo napendekeza, ndugu Mwenyekiti, tuanze kwa kiasi tunachoweza. Kwanza, wakati wa likizo tuwakusanye walimu wachache wa historia katika kituo cha walimu kwa siku tano. Pili, siku moja kati ya hizo waende Ras Mkumbuu na makumbusho ya ngome ya Chake Chake. Tatu, wale miongoni mwetu waliosoma China au Japani waje wasimulie, na wakubali kuulizwa. Nne, kila mwalimu aandike somo moja kwa Kiswahili, alisomeshe mbele ya wenzake, alisahihishe, kisha arudi mwaka wa pili aseme lilivyokwenda darasani. Sisi tutoe nauli, chakula, ramani na vitabu.

Nanyi vijana, mkienda kwenye magofu, msichukue kigae mkatia mfukoni. Kikiondolewa mahali pake hupoteza nusu ya ushahidi wake. Kitazameni, kichoreni, kiacheni pale pale, kisha mrudi darasani mumuulize mwalimu swali la pili. Sisi wakubwa tuhakikishe kwamba siku hiyo mwalimu ana jibu.